Mwanajeshi mstaafu mwenye presha au kisukari ahudhurie kliniki wapi? Ulinganisho kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Wengi wa waliovuka Mto Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa wamepita umri wa miaka 65, na waliojiunga na Jeshi la Wananchi baada yao nao wanazidi kustaafu na kurudi Rungwe, Mufindi, Makete, Mbarali na kwingineko walikoacha mashamba ya wazazi wao. Huko hukutana na adui wa aina nyingine: shinikizo la juu la damu, kisukari, figo zinazochoka taratibu, na maumivu ya goti au mgongo yaliyoanzia kambini. Familia hubaki na swali la wapi mzee aandikishwe kliniki. Je, iwe kituo cha afya cha kata, hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda, au hospitali ya jeshi iliyopo Mbeya?

Ulinganisho huu unamhusu mgonjwa aliyekwisha kupimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa kudumu, na ambaye hali yake ya leo si ya dharura. Mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepooza upande mmoja ghafla au aliyepoteza fahamu hachaguliwi kliniki. Anapelekwa saa hiyo hiyo kwenye hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura.

Vigezo

Watu wengi huanza kwa kuuliza daktari bingwa yuko wapi. Ni swali la haki, lakini kwa ugonjwa wa kudumu ningelitanguliza jingine: mzee asipotokea siku ya kliniki, nani atajua? Presha haiumi. Mgonjwa akiacha dawa hujisikia vilevile, na pengine hujisikia nafuu, hasa kama alikuwa akitumia dawa ya kukojosha iliyokuwa ikimwamsha usiku. Madhara huja baada ya miezi au miaka, nayo ni mazito: kiharusi, moyo kushindwa kazi, figo kufa. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni kuwapo kwa timu inayomfahamu mgonjwa kwa jina na inayomfuatilia.

Vigezo vingine ni upatikanaji wa vipimo na dawa, gharama yote ikiwamo nauli, uwezo wa kushughulikia majeraha ya utumishi na afya ya akili, na urahisi wa kupewa rufaa hali inapobadilika. Cheo alichostaafu nacho mzee sikukiweka, ingawa najua katika baadhi ya familia ndicho kinachotajwa kwanza.

Timu na ufuatiliaji

Wazo la kumhudumia mwanajeshi mstaafu kwa timu badala ya daktari mmoja limejaribiwa kwa upana nchini Marekani. Mwaka 2010 idara ya serikali inayowatibu wastaafu wa majeshi ya nchi hiyo ilianza kupanga kliniki zake za msingi katika timu ndogo, kila moja ikiwa na daktari au muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika dawa, muuguzi msimamizi wa wagonjwa, msaidizi wa kitabibu na karani, huku mfamasia na mtaalamu wa afya ya akili wakiwa karibu. Kwa kawaida timu moja ilikabidhiwa wagonjwa wapatao 1,200, na hao ndio wake. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba kliniki zilizotekeleza mpango huo kwa kina zilikuwa na wagonjwa walioridhika zaidi, wahudumu wasiochoshwa sana na kazi, na wagonjwa wachache waliokimbilia huduma za dharura. Ninachokipenda katika mpangilio huo ni karani, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika simu na kuuliza kwa nini fulani hakuja.

Hapa kwetu fedha na watumishi si vya kulinganishwa na vya huko, lakini mfano wa huduma ya namna hiyo tunao, tena umezoeleka mno katika mikoa hii. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya Virusi vya Ukimwi nchini, na kwa sababu hiyo zahanati na vituo vyake vya afya vilijifunza mapema kuhudumia ugonjwa wa maisha yote kupitia CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu kwa wenye Virusi vya Ukimwi: kadi yenye tarehe ya kurudi, muuguzi anayekagua waliokosa, mhudumu anayepanda kilima kwenda kumtafuta aliyepotea, na dawa za miezi kadhaa kwa aliye imara. Muuguzi aliyefanya kazi hiyo kwa miaka kumi hahitaji kufundishwa upya namna ya kumfuatilia mgonjwa wa kisukari. Anachohitaji ni daftari, muda na dawa.

Kituo cha afya kinachofanya kazi vizuri, basi, kina nafasi kubwa ya kushinda katika kigezo hiki. Tabibu au daktari, muuguzi, mtaalamu wa maabara na mtoa dawa wako chini ya paa moja, na nje yao yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye nafasi yake iliongezewa uzito na mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024. Lakini nimesema kinachofanya kazi vizuri. Vipo vituo ambavyo mgonjwa wa presha hupangwa foleni moja na mtoto mwenye homa, akapimwa, akaandikiwa, akaondoka, wala jina lake lisibaki popote isipokuwa kwenye rejista ya siku hiyo. Njia ya kujua ni kuuliza mwezi uliopita nani hakuja kliniki. Muuguzi akifungua daftari na kukuonyesha majina yaliyozungushiwa kalamu nyekundu, pembeni zikiwa namba za simu za watoto wao, umefika penye timu. Akikujibu kwamba wagonjwa huja wenyewe wakijisikia vibaya, mzee wako naye atasubiriwa mpaka ajisikie vibaya.

Penye timu, hata maongezi hubadilika. Muuguzi hamuulizi mzee kama anakunywa dawa, kwa sababu jibu analijua.

“Shikamoo, baba. Leta vile vidonge vilivyobaki tuvihesabu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekunywa vyote sawasawa.”

Karatasi ya dawa inafunguliwa mezani, vidonge kumi na viwili vimebaki wakati vilitakiwa viwe viwili, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza: zilimletea kizunguzungu, au alikwenda msibani Tukuyu akazisahau nyumbani.

Hospitali ya rufaa ina timu kubwa zaidi kwa idadi na kwa ujuzi, lakini si lazima iwe timu ya mgonjwa huyu. Mara hii anaonwa na daktari bingwa, mara nyingine na daktari aliye mafunzoni, na kila mmoja huanza kwa kusoma faili. Siku ya kliniki wagonjwa ni wengi na dakika za kila mmoja ni chache. Anayekosa tarehe kwa kawaida huandikwa kuwa hakufika, hadithi ikaishia hapo, kwa maana hospitali hiyo haina mtu kijijini kwake.

Hospitali ya jeshi inakaa katikati. Mstaafu huingia mahali ambapo anaitwa afande, utaratibu anaujua, na agizo analipokea kama agizo. Wapo wazee waliokataa dawa kwa tabibu kijana wa kata wakazikubali hapo bila ubishi. Hilo si jambo dogo. Kasoro yake ni ya kijiografia: anayeishi Mbalizi au jijini anafuatiliwa kwa urahisi, lakini wa Kilolo au Ludewa atakuwa mbali na macho ya wahudumu hao kwa miezi.

Vipimo na dawa

Mgonjwa wa presha anahitaji kupimwa shinikizo, na angalau mara moja kwa mwaka aangaliwe figo kwa damu na mkojo. Wa kisukari huongezewa kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa takriban miezi mitatu, ukaguzi wa miguu na ukaguzi wa macho. Vituo vya afya humudu shinikizo, sukari ya kidoleni, mkojo na miguu; kipimo cha wastani wa miezi mitatu na uchunguzi wa ndani ya jicho kwa kawaida vitamlazimu mgonjwa apande ngazi. Hospitali za rufaa za Mbeya na Iringa zina uwezo mpana zaidi, na ile ya kanda iliyopo Mbeya hutoa pia huduma ya kusafisha damu kwa figo zilizoshindwa. Hospitali ya jeshi ina maabara ya kiwango cha hospitali.

Kuhusu dawa, zile za msingi kama amlodipini na losatani za presha, na metformini ya kisukari, hazihitaji bingwa ili zitolewe, na wagonjwa wengi wanaweza kutulizwa kwa hizo. Tatizo la kituo cha afya ni kuishiwa. Kabla hujamwandikisha mzee, nenda dirisha la dawa uulize ni lini mara ya mwisho dawa ya presha iliisha, na wagonjwa walielekezwa wapi. Anayechoma insulini aulize zaidi, kwa sababu dawa hiyo hutunzwa kwenye ubaridi na haivumilii kukatizwa hata siku chache.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri mgonjwa wa presha aonwe kila mwezi baada ya kuanza au kubadilisha dawa hadi afikie lengo, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa wengi lengo ni kushuka chini ya 140/90. Maana yake ni kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye safari nyingi, na kwa hiyo ndiyo inayodai mahali pa karibu.

Gharama yote, pamoja na njia

Hapa familia nyingi hujidanganya kwa kuhesabu bei ya kumwona daktari pekee. Hesabu nauli ya mzee na ya anayemsindikiza, kwenda na kurudi, chakula, malazi kama foleni itaingia siku ya pili, na siku ya shamba iliyopotea. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka vijiji vya Makete kipindi cha mvua, kati ya Desemba na Aprili, hata kilomita chache za kwanza zinaweza kuwa ndizo ngumu kuliko zote. Kituo cha afya hakina mpinzani katika kigezo hiki kwa anayeishi kijijini. Kwa anayeishi Mbeya mjini tofauti ni ya daladala moja, na kigezo chenyewe hupoteza uzito.

Upande wa malipo, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilielekeza wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na halmashauri hutoa vitambulisho vya matibabu kwa ajili hiyo. Mstaafu mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anaweza kuitumia katika vituo vilivyosajiliwa vya ngazi zote, akifuata utaratibu wa rufaa. Wapo pia walio kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwa miaka kadhaa kaya ya watu sita imekuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaugeuza mpangilio huu, hivyo msitegemee maelezo ya jirani aliyejiunga zamani. Mpeleke mzee ofisi ya bima akiwa na kitambulisho cha Taifa na nyaraka za kustaafu. Kwenye hospitali ya jeshi, namba yake ya jeshi na cheti cha kumaliza utumishi vitahitajika ili ijulikane anahudumiwa kama mstaafu au kama raia mwingine yeyote.

Majeraha, maumivu na akili

Kigezo hiki kinamtofautisha mstaafu wa jeshi na wazee wenzake, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Mzee mwenye goti lililoumia mazoezini hununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye duka la dawa muhimu, hununua tena wiki inayofuata, na haoni sababu ya kuitaja kliniki kwa vile si dawa ya presha. Dawa za jamii hiyo huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha shinikizo na hupunguza damu iendayo kwenye figo. Zikikutana na losatani na dawa ya kukojosha, figo hubanwa pande tatu. Daktari anayeona presha haishuki huongeza dozi, na chanzo kimo kwenye mfuko wa koti.

Mahali pazuri ni pale ambapo mtu mmoja anaona dawa zote. Kwenye kituo cha afya mtoa dawa anaweza kufanya kazi hiyo akipelekewa mfuko mzima. Hospitali ya rufaa ina faida ya wataalamu wa mifupa na mazoezi ya viungo, lakini kila kliniki ikiandika peke yake hatari ya kurundikana kwa dawa huongezeka. Hospitali ya jeshi ina uzoefu wa majeraha ya utumishi, na maswali yake kuhusu maumivu huwa ya moja kwa moja.

Afya ya akili ni ngumu zaidi. Mzee anayeshtuka usiku, anayekasirika kwa jambo dogo, au ambaye msimu wa ulanzi humkuta kilabuni kila jioni, huenda amebeba mambo ambayo hajayasema tangu vitani, na asiyelala humeza dawa zake ovyo. Baadhi humfungukia haraka mhudumu mwenye sare, kwa kuwa hakuna haja ya kumweleza kambi ni nini. Wengine hukwepa hospitali ya jeshi kwa sababu hiyo hiyo: hawataki aliyekuwa chini yao kwa cheo ajue kwamba hawalali. Hao hupata faragha zaidi kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, ambako hakuna anayewajua. Kituo cha kata ni dhaifu hapa, isipokuwa pawepo mhudumu aliyepata mafunzo.

Rufaa

Kituo cha afya hutoa rufaa kwenda juu, na barua yake hurahisisha mapokezi na malipo ya bima. Kinachokosekana mara nyingi ni majibu ya kurudi chini. Mzee akitoka hospitali kubwa, hakikisheni amebeba karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa na dozi, na matokeo ya vipimo. Hospitali za mashirika ya dini zilizo karibu na vijiji, kama Tosamaganga, Ilula na Ilembula, zinaweza kuwa daraja zuri kati ya kata na mkoa.

Kila mahali panamfaa nani, na jinsi ya kuchanganya

Kituo cha afya kinamfaa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna matatizo makubwa, anayeishi mbali na mji, na ambaye kata yake ina daftari la kliniki linaloishi. Hospitali ya rufaa inamfaa ambaye presha yake haishuki kwa dawa tatu, mwenye figo, moyo au macho yaliyokwisha kuathirika, au mwenye kidonda cha mguu cha kisukari. Hospitali ya jeshi inamfaa anayeishi karibu nayo, mwenye jeraha la utumishi linaloendelea kumsumbua, au asiyemsikiliza mtu mwingine.

Wengi wataishia kuchanganya, na sioni ubaya: kituo kwa miezi ya kawaida, hospitali mara moja au mbili kwa mwaka. Sharti ni kwamba upande mmoja tu ndio uwe na mamlaka ya kubadilisha dawa za kila siku, na mwingine ushauri kwa maandishi. Bila hilo mzee atakunywa amlodipini mara mbili, boksi moja likiwa la rangi ya samawati na jingine jeupe, majina ya kibiashara tofauti, dawa ile ile.

Kwa hali mbalimbali

Kama mzee ameanza dawa mwezi huu na anaishi kijijini, mwandikisheni kituo cha karibu chenye dawa, na mpangeni safari ya hospitali ya rufaa kwa ajili ya vipimo vya mwaka, ikiwezekana kabla mvua hazijaanza. Anayeishi Makete au Mufindi apimwe pia Juni au Julai, kwa kuwa baridi hupandisha presha, na dozi iliyotosha Februari huenda isitoshe wakati huo.

Kama kata ina kituo lakini dawa huisha mara kwa mara, angalieni hospitali ya shirika la dini au ya wilaya iliyo kwenye njia ya gari la sokoni, ili siku ya kliniki na siku ya gulio ziwe safari moja.

Kama anaishi Mbeya mjini na milango yote mitatu iko karibu, tembeleeni kliniki zote siku ya kazi kabla ya kuamua, muulize lile swali la nani hakuja mwezi uliopita, kisha mwacheni mzee mwenyewe achague kati ya zilizojibu vizuri.

Kama amepata kiharusi au ameambiwa figo zimeshuka, hospitali ya rufaa ndiyo iongoze, na kituo cha kata kibaki na kazi ya kupima shinikizo kati ya tarehe moja na nyingine na kupiga simu likipanda.

Na kama anakataa kliniki zote kwa kuwa hajisikii mgonjwa, anzeni nyumbani. Mwombeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite apime mara kadhaa kwa siku tofauti, namba ziandikwe kwenye daftari ambalo mzee atalishika mwenyewe. Ikiwa kuna mstaafu mwenzake anayehudhuria kliniki, mpangieni siku moja naye, wapande gari moja.